Nguvu za Kutumikia
Shule ya Alliance iliyoko Kikuyu ilifunguliwa mwaka wa 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoungana. Neno linaloiongoza ni fupi: uwe na nguvu ili upate kutumikia. Maana yake, elimu ni amana ya Mungu, wala si ngazi ya kuwapandia wenzako.

Bwana Edward Carey Francis, mkuu wa shule hiyo tangu 1940 hadi 1962, aliifundisha imani hiyo kwa matendo. Alipoacha ukuu hakutafuta raha. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu tu mpaka alipofariki mwaka wa 1966.

Basi, ndugu msomaji, umpelekapo mtoto shuleni, usimwulize cheo atakachopata tu. Mwulize pia atamtumikia nani.