Tanzanite, Sayari Inayopita Juu ya Dodoma

Mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza Dodoma, kundinyota la Nyangumi hupita karibu na utosi usiku wa manane. Humo, jirani na Alrescha, nyota ya kundi la Samaki, imo nyota iitwayo Mpingo, na sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite. Majina hayo yalitoka Tanzania, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliyatangaza Desemba 2019. Kabla ya hapo nyota na sayari hiyo zilijulikana kama WASP-71 na WASP-71b.

Tanzanite ni tufe la gesi lenye masi mara 2.2 ya Mshtarii. Huizunguka Mpingo kwa siku 2.9, hivyo mtoto wa Chamwino anapotimiza mwaka mmoja, kule imepita zaidi ya miaka 125. Iko kilomita milioni 7 hivi kutoka kwa nyota yake. Sisi tuko milioni 150 kutoka kwa jua. Tena Mpingo ina kipenyo kinacholizidi jua zaidi ya mara mbili. Kwa hesabu, joto la sayari hiyo hupita nyuzi 1,700 za Selsiasi, na chuma huyeyuka kwenye 1,538.

Tujaribu kuwaza tuko juu ya mawingu yake, maana ardhi ya kukanyaga haipo. Mpingo ingeonekana pana karibu mara 50 ya jua tunaloliona. Yaelekea mvuto umeifunga sayari hiyo iigeuzie nyota upande mmoja daima, basi upande huo haujui machweo. Pepo kali zingebeba mvuke wa madini hadi upande wa giza, nao ungepoa na kuganda kuwa vumbi. Tanzanite yenyewe, kito cha Mererani chenye jina hilo, hupata ubuluu wake kikipashwa moto wa nyuzi 600 hivi, kule kisingesalimika.

Haya ya mawingu ni mawazo yaliyojengwa juu ya hesabu, lakini sayari yenyewe ilipimwa. Mradi wa kutafuta sayari wa WASP ulitumia lenzi za kamera za wapiga picha, zilizofungwa La Palma na Sutherland, Afrika Kusini. Tanzanite inapokatiza mbele ya Mpingo, mwanga hupungua sehemu 4 hivi kati ya 1,000, kwa takriban saa tano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Kwa macho matupu Mpingo haionekani, ila darubini ndogo yenye kamera ya kidijitali yatosha kupima upungufu huo. Uwanda wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na kiangazi chake ni kirefu. Naona ni haki jina letu lifuatwe na vipimo vyetu. Walimu wa fizikia wa Dodoma na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), tafuteni usiku ambao mpito huo wa sayari utaangukia gizani, muwatoe wanafunzi nje. Nanyi mnaopanga jiji, taa za barabarani zielekezwe chini, kabla anga hili halijafifia.