Wageni na Wenyeji wa Kichwa cha Mbaruti: Mipaka ya Kuchunguza Wadudu na Buibui Wakati wa Kuchanua

1.0 Utangulizi

Mmea uliochanua ni mahali rahisi pa kuanzia uchunguzi wa wadudu. Mchunguzi husimama karibu nao, huhesabu wanaotua, huandika saa na hali ya hewa, kisha huondoka na orodha. Makala haya yanaeleza kwa nini orodha ya namna hiyo, hata ikiandikwa kwa uangalifu mkubwa, huacha nje sehemu kubwa ya viumbe wanaoishi katika mmea husika, na kwa nini upungufu huo una athari nje ya daftari la mchunguzi. Mfano mkuu ni mbaruti wa Ulaya, Cirsium vulgare, kama unavyoota katika malisho na kando ya barabara za Uingereza. Sehemu ya mwisho inahamia Marekani, katika vilima vya mchanga vya Nebraska, ambako jamaa mmoja wa mmea huo alidhuriwa na fukusi aliyeingizwa barani humo makusudi.

Neno mbaruti linahitaji kuwekewa mipaka. Katika Kiswahili hutajwa kwalo mimea kadhaa yenye miiba, ukiwemo ule wenye maua ya manjano, Argemone mexicana, ambao ni wa familia moja na mmea wa afyuni. Katika makala haya neno hilo linatumika kwa mimea ya jenasi Cirsium na Carduus pekee. Hiyo ni ya familia ya Asteraceae, ambamo alizeti pia imo, na ulinganisho na alizeti utasaidia kueleza umbo lake.

2.0 Umbo la Kichwa

Kinachoitwa ua la mbaruti ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyosongamana juu ya kitako kimoja na kuzungukwa na magamba yenye miiba. Tofauti na alizeti, kichwa hiki hakina petali pana za pembeni. Vijiua vyote ni mirija myembamba ya rangi ya zambarau, kila kimoja kikiwa na mbochi ndani yake na ovari moja chini yake. Vijiua vya pembeni hufunguka kwanza, vya katikati mwishoni. Katika kila kijiua chavua hutolewa mapema: mtindo wa ua hurefuka ndani ya mrija wa stameni na kuisukuma chavua nje, na baadaye tu ndipo sehemu ya kike huwa tayari kuipokea. Kwa hiyo kichwa kimoja kinaweza kuwa na vijiua vya umri mbalimbali siku ileile, na mdudu anayekizunguka hupata mbochi hapa na chavua pale.

Mmea wenyewe huishi miaka miwili kwa kawaida. Mwaka wa kwanza huwa fungu la majani lililolala chini. Wa pili hutoa shina, huchanua kati ya Julai na Septemba, huzaa mbegu na kufa. Sheria ya Magugu ya Uingereza ya mwaka 1959 inautaja kwa jina miongoni mwa magugu hatari, hali inayoeleza kwa nini mara nyingi hukatwa kabla ya yeyote kuuchunguza.

3.0 Wanaoonekana Mchana

Wageni wa wazi zaidi ni nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi Bombus. Hapa hesabu ya kawaida huingia dosari ya kwanza. Kuelekea mwisho wa kiangazi wengi wa nyuki hao huwa madume, ambao hawakusanyi chavua kwa ajili ya kiota wala hawarudi kiotani. Hukaa juu ya vichwa vya mbaruti, hunywa mbochi, na mara nyingi hulala papo hapo usiku kucha. Anayehesabu alfajiri huwakuta wakiwa wamepoa na wamelowa umande, na akiwaandika kuwa wafanyakazi walio kazini atakuwa amekosea jinsia na shughuli kwa pamoja.

Karibu na nyuki huvizia nzi wa familia ya Conopidae, ambao kwa mbali hufanana na nyigu. Wao pia hunywa mbochi, lakini jike huja kwa sababu nyingine: humrukia nyuki na kuacha yai mwilini mwake, na buu hukulia ndani ya tumbo la nyuki aliye hai. Mbawakawa wekundu, Rhagonycha fulva, hujaa juu ya vichwa mwezi Julai na Agosti, wengi wakiwa wawili wawili katika kujamiiana, wakila mbochi, chavua na wadudu wadogo. Kipepeo Vanessa cardui, ambaye Linnaeus alimpa jina lenye asili ya mbaruti mwaka 1758, huja kunywa akiwa mpevu, na viwavi wake hula majani ya mmea huohuo wakiwa wamejifunika kwa nyuzi. Spishi hiyo huhama kati ya Ulaya na Afrika kwa kuvuka Sahara, na huonekana pia Afrika Mashariki.

Buibui anahitaji jicho la namna nyingine. Misumena vatia, wa kundi la buibui-kaa, hatandi utando wa kunasia. Hukaa juu ya ua huku miguu yake minne ya mbele, iliyo mirefu kuliko ile ya nyuma, ikiwa wazi, na humdaka mdudu anayefika. Jike anaweza kubadilika kutoka mweupe kuwa wa manjano na kurudi, mabadiliko yanayochukua siku kadhaa, lakini hawezi kuwa wa zambarau. Juu ya mbaruti, basi, jicho la binadamu linapaswa kumwona bila shida. Hata hivyo hupitwa mara nyingi, kwa kuwa hujibanza ubavuni mwa kichwa au chini yake. Ishara inayomfichua mapema kuliko umbo lake ni nyuki asiyeondoka: mdudu anayeonekana kunywa mbochi kwa muda mrefu mno, bila kusogeza miguu. Buibui huyu hafyonzi kwa kutafuna. Hutoboa na kunyonya umajimaji, akiacha gamba zima lenye mabawa yake, hivyo mzoga hufanana kabisa na mdudu aliye hai. Hesabu iliyofanywa kwa mbali huweka windo hilo katika safu ya wachavushaji.

Chini ya vichwa, Enoplognatha ovata hukunja jani kwa nyuzi na kulinda humo kifuko cha mayai chenye rangi ya samawati. Kwenye mashina ya jamaa wa karibu, Cirsium arvense, vidukari weusi hujipanga kwa wingi wakilindwa na sisimizi wanaotafuta utomvu wao mtamu. Majani hutobolewa na mabuu wa mbawakawa Cassida rubiginosa, ambao hubeba juu ya mgongo, kwa uma ulio mkiani, ngao ya kinyesi na ngozi zao kuukuu.

4.0 Wanaoishi Ndani

Wote waliotajwa hadi hapa wanaweza kuonekana na mtu mwenye subira. Waliobaki hawaonekani hata akisimama hapo majira yote ya maua, na ndio wenye athari kubwa zaidi kwa mbegu.

Nzi Urophora stylata hufika kabla kichwa hakijafunguka. Jike huingiza mrija wake mrefu wa kutagia kati ya magamba na kuacha mayai ndani. Mabuu wanapoanza kula, tishu za ovari na za kitako huvimba na kuwa ngumu kama ubao, zikiunda uvimbe wenye vyumba vilivyoungana, kila chumba na buu wake. Kwa nje kichwa huweza kuchanua na kupokea nyuki kama vichwa vingine. Mkono unaokibonyeza ndio unaohisi ugumu usio wa kawaida katikati. Jamaa yake, Terellia serratulae, hula mbegu ndani ya kichwa bila kusababisha uvimbe wowote, hivyo hata kubonyeza hakumfichui. Ni lazima kichwa kipasuliwe.

Buu wa Urophora hubaki ndani ya uvimbe wakati wa baridi, mmea ukiwa umekufa na kukauka, na huwa pupa majira ya kuchipua. Hapa ndipo mchunguzi anapopata fursa ambayo kiangazi hakikumpa. Vichwa vikavu hukusanywa, huwekwa katika vyombo vilivyofunikwa kwa kitambaa cha wavu, huachwa mahali penye baridi ya kawaida ya nje, na kusubiriwa. Katika baadhi ya vyumba hutoka nzi. Katika vingine hutoka nyigu wadogo weusi wa jenasi Eurytoma, ambao mabuu wao wamemla mwenye chumba. Chombo kimoja cha vichwa vikavu huonyesha hivyo ngazi tatu za ulaji: mmea, mla mmea, na mla huyo. Margaret Redfern, ambaye kitabu chake kuhusu wadudu wa mbaruti kilichapishwa Uingereza mwaka 1983, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya kufungua vichwa kwa namna hii. Ni kazi ya kuchosha, na miiba haimwonei huruma mtu. Lakini hakuna njia ya mkato inayotoa taarifa hizo.

Inafuata kwamba maswali mawili yanayofanana kwa sauti yana majibu tofauti. Swali la nani yupo juu ya mbaruti hujibiwa kwa macho na saa. Swali la nani anaamua idadi ya mbegu zitakazoanguka hujibiwa kwa kisu, na kwa sehemu kubwa hujibiwa wakati ambapo maua hayapo.

5.0 Fukusi wa Nebraska

Swali hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito Amerika Kaskazini. Mbaruti wa Ulaya Carduus nutans ulikuwa umeenea huko kama gugu la malisho, na fukusi wa Ulaya Rhinocyllus conicus aliachiwa nchini Kanada mwaka 1968 na Marekani mwaka 1969 ili kuupunguza. Jike wa fukusi huyo hutaga nje ya magamba na kulifunika kila yai kwa majani aliyoyatafuna, kifuniko kinachofanana na kigaga cha kahawia. Buu hutoboa hadi kitakoni na kula humo. Utagaji hufanyika mapema, vichwa vikiwa bado vichanga. Anayefika kuhesabu wageni wa maua yaliyokomaa hukosa kumwona fukusi mwenyewe, na asiyejua vigaga maana yake huvipita.

Ilijulikana kabla ya kuachiwa kwake kwamba anaweza kukulia pia katika Cirsium, lakini ilihukumiwa kwamba hupendelea Carduus na kwamba hatari kwa mimea ya asili ni ndogo. Hukumu hiyo ilitazama upendeleo wa mdudu na haikutazama vya kutosha kalenda ya mimea. Cirsium canescens, mbaruti wa asili wa vilima vya mchanga vya Nebraska, huchanua mapema, na vichwa vyake huwa vichanga wakati uleule ambao fukusi anatafuta pa kutaga. Zaidi ya hayo, mmea huo huchanua mara moja katika maisha yake na kufa. Hauna mizizi inayotambaa wala njia nyingine ya kuongezeka isipokuwa mbegu.

Svata Louda na wenzake watatu walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1997. Kati ya 1992 na 1996 madhara ya fukusi kwa mibaruti ya asili yaliongezeka mfululizo, yakafikia asilimia 16 hadi 77 ya vichwa kwa mmea. Mbegu zilipungua kwa kiwango kikubwa. Palipokuwa na fukusi wengi, nzi wa asili wanaoishi ndani ya vichwa hivyohivyo walikuwa wachache. Matokeo haya ya mwisho hutajwa mara chache kuliko yale ya mbegu, ingawa kwa mtafiti wa wadudu ndiyo yanayosumbua zaidi: mdudu aliyeletwa kulishughulikia gugu alikuwa akiwabana wakazi wa kichwa cha mmea ambao haukuwa gugu.

Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu uchunguzi wa ndani ya vichwa ulikuwa umetangulia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, Louda na Martha Potvin waliwaondoa wadudu wa asili kwa dawa katika vichwa vya C. canescens, wakahesabu mbegu, kisha wakafuatilia miche na mimea iliyokomaa. Palipopungua wadudu, mimea iliyofuata iliongezeka. Mmea huu, kwa hiyo, ulikuwa tayari umebanwa na walaji wake wa asili, na hasara aliyoiongeza fukusi iliangukia mahali ambapo hapakuwa na mbegu za ziada.