Je, Wajua? Chifu wa Mila na Kiti cha Bunge

  

Leo ukisikia "chifu" katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliza kwanza: wa usultani (chefferie) au wa sekta (secteur)? Kwa sheria ya 2008, wa usultani huteuliwa kwa kufuata mila, kisha serikali humtambua na kumsimika. Wa sekta huchaguliwa kwa kura za baraza la sekta. Si jambo dogo hilo!

Tena, Katiba ya 2006 inaruhusu machifu wa mila kuingia bunge la mkoa bila kupigiwa kura na wananchi. Wabunge wa njia hiyo hawazidi sehemu moja ya kumi ya wabunge wote wa bunge hilo.