Mgombea Binafsi na Kiti cha Udiwani

Mgombea binafsi ni raia anayeomba kura kwa jina lake mwenyewe, bila kudhaminiwa na chama chochote cha siasa. Nchini Tanzania mtu wa namna hiyo hana nafasi katika karatasi ya kura, iwe ni ya urais, ubunge, udiwani au hata uenyekiti wa mtaa. Mjadala kuhusu katazo hilo umedumu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda wote huo macho ya wengi yameelekezwa Ikulu na bungeni, huku kiti cha diwani kikitajwa kwa kupita tu. Makala haya yanaanzia chini, katika kata ya Mkolani, mojawapo ya kata 18 za Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na yanajenga hoja kwamba ni katika ngazi hiyo ndipo sababu za kumzuia mgombea binafsi zinapopungua nguvu na kizuizi cha kisheria kinapokuwa chepesi kuondolewa, ingawa kukiondoa peke yake hakutambadilishia mkazi wa Mkolani maisha yake.

Mkolani iko upande wa kusini wa jiji, katika wilaya ya Nyamagana, kwenye barabara kuu iendayo Shinyanga, kati ya Nyegezi na Buhongwa. Kama ilivyo kata nyingine za miji ya Tanzania, imegawanywa katika mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti na wajumbe wa kamati wanaochaguliwa na wakazi, pamoja na mtendaji wa mtaa ambaye ni mwajiriwa. Juu ya mitaa yupo diwani, ambaye huchaguliwa na kata nzima, huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, yaani kikao kinachowakutanisha wenyeviti wa mitaa ili kupanga vipaumbele vya kata, kisha huvipeleka vipaumbele hivyo katika Baraza la Madiwani, ambalo ndilo chombo cha uamuzi cha jiji. Katibu wa baraza hilo ni mkurugenzi, ambaye hateuliwi na madiwani bali na Rais, na kwa hiyo diwani hufanya kazi kati ya wananchi waliomchagua na watendaji ambao hana mamlaka ya kuwaajiri.

Sheria humtaka mgombea udiwani awe raia aliyefikisha umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri, na awe mwanachama wa chama cha siasa kilichomdhamini. Sharti hilo la mwisho haliishii siku ya uteuzi, kwa sababu diwani anayepoteza uanachama wake hupoteza na kiti chake. Uzito wake ulionekana jijini Mwanza mwaka 2012, pale CHADEMA ilipowavua uanachama madiwani wake wawili, wa kata za Igoma na Kitangiri, katika mvutano uliohusu umeya, na viti walivyopewa na wapiga kura vikaingia shakani kwa uamuzi wa kikao ambacho wapiga kura hao hawakuwa na sauti ndani yake. Njia ya kupandia nayo ni hiyo hiyo ya chama. Mkolani yenyewe imewahi kutoa meya wa jiji, Stanslaus Mabula, diwani wa kata hiyo kwa tiketi ya CCM ambaye mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Nyamagana, na meya wa jiji lolote la Tanzania hupatikana kwa kura za madiwani baada ya vyama vyao kukubaliana kwanza juu ya nani asimamishwe.

Hali hii haikuwapo tangu mwanzo. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, uliotangulia uhuru wa Tanganyika, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Mfano huo unastahili kukumbukwa kwa sababu unaonyesha kwamba mgombea binafsi si lazima awe adui wa chama. Mara nyingi ni mtu wa chama hicho hicho ambaye vikao vya uteuzi vilimkataa ilhali watu wa kwao walimtaka. Mfumo wa chama kimoja ulioanza mwaka 1965 uliufunga mlango huo, na vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 mlango ulibaki umefungwa, kwani marekebisho ya Katiba ya mwaka huo yaliweka wazi kwamba mgombea urais na mgombea ubunge lazima wawe wanachama wa chama na wawe wamependekezwa na chama.

Aliyelipeleka jambo hili mahakamani ni Mchungaji Christopher Mtikila. Kesi yake ya kwanza, iliyofunguliwa mwaka 1993 katika Mahakama Kuu mjini Dodoma, iliamuliwa na Jaji Kahwa Lugakingira mwezi Oktoba 1994 kwa kuruhusu wagombea binafsi, lakini kabla mwaka haujaisha Bunge lilirekebisha Katiba tena na kuuondolea uamuzi huo nguvu. Mtikila alirudi mahakamani mwaka 2005, na mwezi Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa ushindi kwa mara ya pili. Serikali ikakata rufaa, na mwezi Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, waliamua kwamba suala hilo ni la kisiasa, kwamba mahakama haina mamlaka ya kutangua ibara ya Katiba, na kwamba mwenye kazi hiyo ni Bunge. Hatua ya mwisho ilikuwa Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo tarehe 14 Juni 2013, katika shauri lililowahusisha pia Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ilitamka kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika, hasa haki ya kushiriki katika utawala wa nchi na uhuru wa kujiunga au kutojiunga na wengine, na ikaiagiza Tanzania ichukue hatua za kikatiba na za kisheria. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilimtambua mgombea huru, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Mtikila alifariki dunia Oktoba mwaka huo huo.

Katika historia hiyo ndefu kuna tofauti moja ambayo husahaulika kwa urahisi. Ibara za Katiba zilizobishaniwa, ya 39 na ya 67, zinamhusu Rais na mbunge; Katiba inazungumzia serikali za mitaa katika ibara ya 145 na ya 146 kwa kusema kwamba zitakuwepo na kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na mambo mengine imeiachia sheria iyapange. Sharti la chama kwa diwani limo katika sheria ya kawaida ya uchaguzi, na kwa mwenyekiti wa mtaa limo katika kanuni zinazotolewa na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Maana yake ni kwamba kuruhusu mgombea binafsi wa urais au ubunge kunahitaji kubadilisha Katiba, jambo linalodai theluthi mbili ya wabunge, ilhali kumruhusu katika kata na mtaa kunaweza kufanywa kwa kurekebisha sheria kwa kura ya kawaida. Ngazi inayogusa maisha ya kila siku ndiyo yenye kufuli jepesi zaidi, lakini haijawahi kuwa kiini cha madai.

Wanaotetea katazo hutoa sababu tatu. Ya kwanza ni umoja wa kitaifa: chama hulazimika kutafuta wafuasi kila mkoa, wakati mgombea wa peke yake anaweza kuegemea kabila au dini. Ya pili ni fedha, kwamba tajiri asiye na chama cha kumdhibiti anaweza kukinunua kiti. Ya tatu ni uwajibikaji, kwa kuwa chama hubaki baada ya mgombea kuondoka na kinaweza kuulizwa juu ya ahadi zake. Sababu hizi zina uzito zinapomhusu mtu anayetaka kuongoza dola au kutunga sheria za nchi, lakini katika kata ya mjini hupungua nguvu. Mkolani haiwezi kujitenga na taifa kwa sababu ya diwani mmoja. Fedha huweza kutembea ndani ya kura za maoni za chama, ambako wanaopiga kura ni wachache zaidi na hivyo ni rahisi zaidi kuwafikia. Na uwajibikaji wa diwani hupimwa na majirani wanaokutana naye njiani, sokoni na msibani. Usukuma, eneo ambalo Mwanza ni sehemu yake, una kumbukumbu ya ushirikiano wa mtaani usiotegemea kadi ya chama, kwani sungusungu, ulinzi wa jadi ulioenea Shinyanga, Tabora na Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulisimamishwa na wanakijiji wenyewe kabla ya viongozi wa chama na serikali kuukubali.

Hata hivyo, mgombea binafsi anayeahidi kuiboresha Mkolani angepaswa kueleza ahadi zake zitapitia wapi. Barabara za mitaa, ambazo zamani zilikuwa chini ya halmashauri, tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na TARURA, wakala wa Serikali Kuu. Maji yako chini ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Umeme ni wa TANESCO. Na kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo muhimu cha mapato ya miji, ilihamishiwa Serikali Kuu na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kinachobaki mikononi mwa baraza ni pamoja na uzoaji wa taka, masoko, majengo ya shule na zahanati, sheria ndogo, upangaji wa viwanja, na mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mambo haya si madogo, lakini hupitishwa kwa kura ndani ya kamati za baraza, na diwani mmoja asiye na wenzake huondoka na hotuba nzuri iliyoandikwa katika muhtasari wa kikao.

Majirani wa Tanzania wamekwisha kulijaribu jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu mgombea binafsi katika ngazi zote, mradi asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na kwa kiti cha bunge la kaunti, ambacho hugombewa katika wadi, humtaka aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Uganda nayo inawaruhusu, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2021 zaidi ya wabunge 70 waliingia kwa njia hiyo, wengi wao wakiwa watu waliokosa tiketi katika chama tawala. Mafanikio na ugumu wa njia hii vilionekana pamoja katika kaunti ya Meru, ambako Kawira Mwangaza alishinda ugavana mwaka 2022 bila chama, kisha bunge la kaunti likapiga kura ya kumwondoa mara tatu, hadi Seneti ilipoithibitisha hoja hiyo mwezi Agosti 2024. Zipo tuhuma na hoja za kila upande katika mgogoro ule, lakini funzo la kitaasisi liko wazi: anayeshinda peke yake bado hutawala pamoja na wengine, na asipokuwa na kundi barazani hana ngao.

Jibu moja kwa tatizo hilo limetoka katika mji mdogo wa Frome, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako mwaka 2011 wakazi wasio na chama waliungana wakashinda viti 10 kati ya 17 vya halmashauri ya mji, na mwaka 2015 wakavichukua vyote 17. Hawakuandika ilani ya pamoja wala kuweka msimamo mmoja wa kupigia kura; walikubaliana juu ya taratibu za kufanya kazi, kama vile kusikilizana, kubadili mawazo bila aibu na kukubali uamuzi uliopitishwa hata kwa aliyeupinga. Uzoefu huo unafundisha kwamba nguvu ya wagombea binafsi hutokana na wingi wao na makubaliano yao, zaidi ya umaarufu wa mmoja wao.

Marekebisho ya sheria yatakayomhudumia mkazi wa Mkolani, basi, yanahitaji kuwa na sehemu tatu zinazokwenda pamoja. Kwanza, diwani na mwenyekiti wa mtaa waweze kugombea kwa kudhaminiwa na idadi inayotosha ya wapiga kura wa eneo lao, ili asiyefahamika na majirani zake asipate fomu kwa mzaha. Pili, kiti cha diwani kisipotee kwa sababu ya uanachama pekee, na kanuni za baraza zimhakikishie asiye na chama nafasi katika kamati na katika uchaguzi wa meya. Tatu, baraza lenyewe lirudishiwe sehemu ya barabara na kodi zilizoondolewa, kwa kuwa kumfungulia raia mlango wa kuingia katika chumba kisicho na mamlaka ni kumpa haki isiyo na kazi. Sehemu ya kwanza na ya pili zinaweza kutekelezwa bila kugusa Katiba; ya tatu ndiyo itakayoamua kama kura ya mkazi, awe na kadi ya chama au asiwe nayo, ina uzito wowote katika mtaa anaoishi.