Utunzaji wa Miche ya Kahawa Kitaluni Wakati wa Kipupwe: Hali ya Bukoba na Muleba

Mmea uliomo ndani ya chungu au kiriba hukabiliwa na hali ya hewa kwa ukali zaidi kuliko mmea uliopandwa ardhini. Ardhi hupoa polepole na hupata joto polepole, hivyo mizizi iliyomo ndani yake hukingwa. Udongo wa kiriba ni kidogo, na hewa huuzunguka pande zote. Baridi, jua na upepo huifikia mizizi upesi. Wakulima wa bustani wa Ulaya, waoteshao mlaureli na mimea mingine ya nchi za joto katika vyungu, huvifunga vyungu hivyo kwa magunia au kuviingiza ndani majira ya baridi yanapowadia. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kanuni hiyo hiyo inauhusu mche wa kahawa aina ya robusta.

Ziwa na jalidi

Jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, hutokea usiku wenye anga jeupe, hewa kavu na utulivu. Ardhi hupoteza joto lake angani mpaka majani hufikia nyuzi 0 za sentigredi au chini yake. Barafu hujengeka baina ya chembe hai za mmea, huvuta maji yaliyomo ndani ya chembe hizo, nazo hukauka na kupasuka. Mwezi Julai 1975 jalidi iliangamiza mibuni mingi katika jimbo la Paraná, nchini Brazili, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Nchini Tanzania jalidi huonekana katika nyanda za juu sana, kama vile Makete.

Bukoba haina jalidi, ingawa mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sababu mojawapo ni kwamba uko karibu na ikweta. Sababu nyingine ni Ziwa Victoria. Maji huhitaji joto jingi kuliko udongo ili yapate moto, na huliachia joto hilo polepole. Usiku ziwa huendelea kuipasha hewa iliyo juu yake. Aidha, mvuke na mawingu yatokanayo nalo huzuia joto la ardhi lisipotee. Kwa hiyo robusta, ambayo haistahimili baridi kama arabika ya Kilimanjaro, imestawi Kagera tangu zamani. Wahaya waliitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa kabla haijawa zao la biashara.

Hatari ya kiangazi

Hata hivyo, kukosekana kwa jalidi hakumaanishi usalama. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua, usiku huwa wa baridi kiasi, na mchana jua huwa kali. Kiriba cheusi kikipigwa na jua hupata moto hata kuiunguza mizizi iliyo ubavuni, na udongo wake hukauka mapema. Kinyume chake, mkulima akimwagilia kupita kiasi wakati wa ubaridi, hewa hukosekana katika udongo na mizizi huoza. Majani huweza kunyauka katika hali zote mbili. Basi ni lazima udongo uguswe kwa kidole kabla ya kuongeza maji.

Thamani ya mche mmoja

Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa uliingia Kagera. Kuvu aletaye ugonjwa huo, Fusarium xylarioides, huziba njia za maji ndani ya shina, na mbuni hufa. Hakuna dawa ya kuuponya. Mbuni ulioambukizwa hung'olewa na kuchomwa moto. Mwaka 2011 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye kituo chake Maruku, Bukoba, ilitoa aina 4 za robusta zenye ukinzani: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Aina hizo haziwezi kuendelezwa kwa mbegu. Ua la robusta halirutubishwi na chavua ya mbuni wenyewe, bali na ya mbuni mwingine wa ukoo tofauti. Kwa hiyo mbegu huzaa miche yenye sifa zilizochanganyika, na ukinzani huweza kupotea. Njia ya hakika ni kuotesha vipandikizi. Vipandikizi hukatwa katika machipukizi yaliyosimama wima, kwani tawi la pembeni hutoa mmea utambaao. Mche wa namna hii hauna mzizi mkuu kama ule wa mbegu, bali huwa na mizizi kadhaa itokayo kwenye jeraha la shina. Ni mchanga na dhaifu katika miezi yake ya mwanzo, nao hutegemea maji ya kiriba chake tu. Ukinzani wake ni dhidi ya ugonjwa. Haumkingi na kiu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri pamoja na mchanga, na kiriba kitobolewe chini ili maji yapite. Pili, viriba vipangwe vikigusana, na vile vya pembeni vizungushiwe udongo au nyasi, ili jua lisivipige ubavuni. Tatu, kivuli cha nyasi kiwe chepesi, na pawe na kizuizi cha upepo. Nne, umwagiliaji ufanywe asubuhi, ili majani yasikeshe yakiwa na maji.

Kivuli kipunguzwe kidogo kidogo majuma kadhaa kabla ya kupanda, ili mche uzoee jua. Miche ihamishiwe kibanjani mvua za vuli zinapokuwa zimeloweka ardhi vya kutosha, kwani hapo mizizi huingia katika udongo mwingi ulio na unyevu. Mkulima aliyeng'oa mibuni yake kwa sababu ya mnyauko akiipoteza miche hiyo kitaluni, hupoteza msimu mzima wa kupanda. Mbegu za kuokota chini ya mibuni ya jirani haziwezi kuziba pengo hilo.