Wati Kwanza: Kompyuta ya Gemu kwa Hewa ya Vanga

Anayetaka kuunda kompyuta ya gemu kwa kawaida huanza na kadi ya picha, vifaa vingine vikafuata kwa pesa iliyobaki. Huko Vanga, mji wa mikoko na bahari pale mpakani na Tanzania, ni bora kuanza na wati.

Stima yote inayoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Kadi ya GeForce RTX 4090, iliyotoka 2022, peke yake hufikia wati 450. RTX 4060 ya mwaka uliofuata hutosheka na 115. Ukiongeza prosesa na vinginevyo, mashine ya kwanza yaweza kula wati 600 na ya pili kama 250. Mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo mashine ile kubwa ni sawa na wageni sita chumbani, msimu wa kaskazi. Kupoza kwa maji hakupunguzi kitu: joto ni lile lile, na humwagwa mle mle chumbani.

Joto hutolewa na feni, na feni huvuta hewa. Ili hewa inayopita isizidi nyuzi 10 juu ya ile ya chumba, mashine ya wati 250 huhitaji takriban mita za ujazo 75 kwa saa. Ya wati 600 huhitaji 180. Hewa hiyo ya pwani hubeba chumvi, na sehemu yake hubaki ndani.

Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi hunyonya maji hewani na kuyeyuka, kisha majimaji yake hupitisha umeme na kula shaba ya mazabodi. Mashine inayofanya kazi hujikinga yenyewe: hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa moto hadi nyuzi 40 ndani ya kasha, unyevu wake hushuka hadi asilimia 41 hivi. Adui huja usiku, stima ikiwa imezimwa na chuma kimepoa. Kwa hiyo nunua kasha lenye vichujio vinavyochomoka upesi, uvisafishe mara kwa mara, na ifunike mashine ikishapoa. Ikae juu ya meza, si sakafuni. Mto Umba ukifurika, maji hufika mjini.

Pesa uliyookoa kwenye kadi ipeleke kwenye pawasaplai. Soma kibandiko chake: kinachosema volti 100 hadi 240 kitavumilia stima ikififia, ilhali kilichowekewa 230 pekee huenda kikazima mchezo ukiwa katikati. Uliza pia kapasita zake zimepimwa kwa nyuzi ngapi. Zile za 105 zina nafasi kubwa kuliko za 85, maana kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu hivi.