Sakafu ya Mbao na Neno "Kavu": Maelezo ya Kazi na Msamiati Wake Katika Tabata

Nyumba nyingi za Tabata, upande wa magharibi wa jiji la Dar es Salaam, zina sakafu ya saruji iliyolainishwa au ya marumaru. Wako hata hivyo wenye nyumba ambao, wafanyapo matengenezo, hutaka marumaru ziondolewe sebuleni au chumbani na mbao halisi zitandikwe mahali pake. Mazungumzo ya kwanza ya kazi hiyo hufanyika penye ghala la mbao, nayo huwa mafupi. "Fundi, mbao hizi kavu?" "Kavu kabisa, mama." Baada ya miezi michache mianya hutokea kati ya ubao na ubao, au sakafu huinuka katikati ya chumba kama mgongo wa ng'ombe, na mnunuzi humhesabu muuzaji kuwa mwongo. Mara nyingi muuzaji hakusema uongo. Neno walilolitumia wote wawili lilikuwa na maana mbili, na hakuna aliyetambua hivyo.

Makala haya yaeleza jinsi sakafu ya mbao itandikwavyo, pamoja na maneno yatumikayo, kwa kuwa katika kazi hii kosa la neno huwa kosa la fedha.

Yafaa kuanza na neno sakafu lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, saqf, maana yake paa au dari. Mtu asiyezijua nyumba za mawe za pwani aweza kustaajabu jinsi jina la kitu cha juu lilivyokuja kuwa la kitu cha chini. Katika nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hata ukuta, mawe ya matumbawe yakapangwa juu yake, kisha chokaa iliyochanganywa na kokoto ikamwagwa na kupigwa kwa vijiti siku nyingi, mara nyingi kwa nyimbo, hata ikawa ngumu. Kwa aliye chini, kazi hiyo ilikuwa dari yake. Kwa aliye juu, ilikuwa mahali pa kukanyaga. Na ikiwa nyumba haikuwa na ghorofa nyingine, ilikuwa paa. Jambo lililoviunganisha vitu hivi vitatu ni chokaa iliyopigwa. Ndiyo maana kamusi za zamani huieleza sakafu kwa chokaa na mawe, na kitenzi kusakifu kina maana ya kujenga kwa namna hiyo. Hata leo husemwa "kupiga sakafu", ingawa saruji haipigwi kwa vijiti wala hakuna aimbaye.

Basi mbao hazikuwa na nafasi kubwa ndani ya neno hilo. Katika nyumba hizo mti ulikuwa boriti, mlango, dirisha na kasha. Mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu zikikanyagwa na watu zilionekana zaidi katika vyombo vya baharini. Huko kuvimba kwa mbao kulikuwa na faida: jahazi lililokaa juu pwani hukauka na kufunguka viungo, na likirudishwa majini mbao huvimba zikabana kalafati. Fundi wa jahazi ayajua hayo tangu utoto. Seremala wa makabati na vitanda hana haja nayo sana, kwa maana kabati lililopanuka milimita 2 halimsumbui mtu.

Neno la pili ni jamvi. Kwa asili jamvi ni mkeka mnene wa miyaa, utandikwao watu wengi wapate kukaa. Mafundi wa ujenzi wa Tanzania sasa huita jamvi lile zege limwagwalo juu ya kifusi kilichoshindiliwa ndani ya msingi. Mfano huo ni mzuri, na wale wanaotunga istilahi ofisini hawangeupata kwa urahisi. Marumaru nayo imesafiri: zamani ilikuwa jiwe lile la thamani, na sasa ni kigae chochote king'aacho cha kiwandani. Lakini jamvi la zege halifanani na mkeka kwa jambo moja. Hunywa maji kutoka ardhini na kuyapandisha polepole, isipokuwa limewekewa karatasi ya nailoni chini yake. Sehemu za Tabata zishukazo kuelekea mabonde ya Mto Msimbazi zina udongo ukaao na maji muda mrefu baada ya masika. Marumaru huuficha unyevu huo miaka mingi bila kudhurika. Zinapobanduliwa na mbao kuwekwa, unyevu hupata wa kumwingia.

Hapo ndipo neno kavu linapohitaji kuangaliwa. Unyevu wa mbao huhesabiwa kwa kulinganisha uzito wa maji yaliyomo na uzito wa mti mtupu usio na maji. Kipande chenye gramu 118, kikikaushwa katika joko lenye joto la kupita kidogo nyuzi 100 hata uzito wake usishuke tena, nacho kikabaki gramu 100, kilikuwa na unyevu wa asilimia 18. Mti uliokatwa sasa hivi waweza kuzidi asilimia 50. Maji hayo yamekaa mahali pawili: mengine yamo katika matundu ya chembe za mti, kama maji ndani ya mtungi, mengine yamelowesha kuta za chembe zenyewe, kama unyevu ulio ndani ya udongo wa mtungi. Ya kwanza ndiyo yatokayo kwanza. Yakitoka, mbao huwa nyepesi, haitoi maji ikipigwa msumari, na mkono ukiigusa husema kavu. Hata hivyo haijapungua upana hata kidogo. Kupungua huanza unyevu ufikapo kama asilimia 28 au 30, maji ya kuta yaanzapo kutoka. Kwa maneno mengine, mkono huihukumu mbao kuwa kavu karibu na pale pale ianzapo kusinyaa. Muuzaji asemaye "kavu" ana maana kwamba si mbichi, na kwa Kiswahili asema sawasawa, kwa kuwa kinyume cha kavu ni mbichi. Mwenye sakafu ahitaji maana nyingine, yaani mbao ambayo unyevu wake umekwisha kulingana na hewa ya chumba itakamokaa.

Hewa ya chumba nayo haiko namna moja. Hewa ya joto la nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80, kama ile ya Dar es Salaam siku nyingi za masika, huipeleka mbao kwenye asilimia 15 au 16. Chumba chenye kiyoyozi, ambacho hewa yake ina unyevu wa asilimia 50 hivi, huishusha hadi 9 au 10. Hivyo ndani ya nyumba moja, sebule yenye madirisha wazi na chumba cha kulala chenye kiyoyozi ni kama miji miwili. Ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 100, uliowekwa ukiwa na asilimia 20, utapungua kama milimita 2 ufikapo asilimia 10, ikiwa ulipasuliwa kwa kufuata mduara wa miaka ya mti. Ukiwa ulipasuliwa kuelekea kiini, utapungua nusu yake au chini zaidi. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Katika sebule yenye upana wa mita 4, badiliko la asilimia 3 tu kati ya kipupwe na masika laweza kuipanua sakafu yote kwa milimita 10 hadi 25. Hakuna msumari uwezao kuzuia nguvu hiyo, na sakafu iliyobanwa na kuta pande zote haina pa kwenda ila juu.

Kuhusu miti, mninga, ambao wataalamu wa mimea huuita Pterocarpus angolensis, husifiwa na maseremala kwa haki, kwa kuwa ukikaushwa vema hubadilika kidogo sana. Yafaa kuchagua kiini chake chenye rangi ya kahawia, maana sehemu nyeupe ya nje huliwa na bungua. Mtiki, uitwao pia msaji, uliletwa nchini wakati wa utawala wa Wajerumani na hupandwa Longuza, Mtibwa na katika bonde la Kilombero; huo pia hutulia. Mkongo ni mgumu zaidi na huchosha randa. Muhuhu ulisafirishwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya kwa ajili ya sakafu za majumba yapitwayo na watu wengi. Mti wake haunyooki, hivyo hutoa vibao vifupi vinavyopangwa kwa mapambo. Msonobari ni rahisi kuupata, lakini kisigino cha kiatu huuachia alama.

Penye ghala mnunuzi atasikia "mbao moja, mbao mbili". Mwalimu wa sarufi angedai ubao mmoja. Lakini kwa mafundi ubao umehamia shuleni na kwenye matangazo, na mbao imekuwa jina la umoja na la wingi pia. Anayesikiliza lugha ya kazi hana budi kuiandika hivyo.

Kazi yenyewe huanza na jamvi. Marumaru zikibanduliwa, saruji iliyozishika huchongwa, na usawa hupimwa kwa pimamaji na rula ndefu. Kisha kipande cha nailoni ing'aayo, mita 1 kila upande, hubandikwa juu ya zege kwa utepe pande zote na kuachwa siku moja hata tatu. Matone yakionekana chini yake, au zege likigeuka jeusi, kazi isianze. Zege jipya nalo huhitaji muda: kwa desturi hukadiriwa mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na masika huongeza. Lipu na rangi za kuta zikamilike kwanza, kwa sababu maji yake huingia hewani na hatimaye katika mbao.

Mbao huletwa ndani mapema, zikapangwa kwa tabaka na vijiti kati yake, wiki 2 au zaidi, huku nyumba ikitumiwa kama itakavyotumiwa: penye kiyoyozi kiwashwe, penye madirisha yafunguliwe. Wengi huiona hatua hii kuwa ya kupoteza muda, nayo ndiyo iliyo bora kuliko vanishi yoyote. Uzito wa kipande kimoja ukiandikwa kila baada ya siku chache, hata usibadilike tena, hapo neno kavu limepata maana ambayo watu wote wawili waweza kuikubali.

Nailoni hutandazwa juu ya jamvi lote, na papi zilizotiwa dawa ya mchwa hulazwa juu yake, kati ya moja na nyingine sentimita 40 hivi. Mchwa hupita katika ufa mwembamba sana wa zege, kwa hiyo nyufa zizibwe kabla. Mbao hulazwa kukingama papi. Kila moja ina ulimi ubavu mmoja na mfuo ubavu wa pili. Ulimi wa hii huingia katika mfuo wa ile, na msumari hupigwa kwa mshazari penye ulimi ili kichwa chake kifichwe na mbao ifuatayo. Mbao zisigongwe mpaka zikaze kabisa wakati wa kipupwe. Sakafu huinuka sentimita 5 au zaidi, na milango hupunguzwa chini. Jambo hili husahauliwa mara nyingi hata siku ya mwisho, mlango ukataapo kufunguka.

Mwishoni huja msasa. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ulikuwa jani lenye mikwaruzo la mti wa jina hilo hilo, nalo maseremala walilitumia kulainishia mbao. Baada ya msasa hupakwa vanishi, ambayo hupunguza mwendo wa unyevu lakini haiuzuii. Watu wa nyumbani wakisafiri mwezi mzima na kiyoyozi kikazimwa, mbao hurudi kuvuta maji ya hewa. Ndiyo sababu huachwa upenyo wa milimita 10 hadi 15 kando ya kila ukuta, ukafunikwa kwa kipande chembamba cha mbao kilichopigiliwa ukutani, wala si sakafuni.